Hilaria Margwe na Wingu la Maboma Matatu

Ukifika Dongobesh ukamuulizia Hilaria Margwe, watakuuliza nao: yupi, muuza vitunguu saumu au yule wa kompyuta zisizo na tumbo? Ni mtu mmoja. Vitunguu vinamlisha, kompyuta zinamkosesha usingizi, na yeye mwenyewe hujitambulisha kwa chochote kilichompendeza asubuhi hiyo.

Tumbo wanalolisema ni diski, ile sehemu ya kompyuta inayohifadhi kila kitu. Mashine za Hilaria hazina. Ukiziwasha haziwezi hata kujua zenyewe ni nini. Zinauliza hewani, na jibu linatoka mbali: wewe ni kompyuta, rangi ya kioo chako ni hii, mwenye kukaa mbele yako ni fulani, na kazi yake ya jana ni hii hapa. Ndani ya muda wa kunywa mafunda mawili ya chai, mashine tupu inakuwa mashine kamili. Nimekaa Nairobi, Hamburg na Chennai nikisikiliza watu wakieleza mifumo endeshi ya namna hii, inayoishi kwenye wingu badala ya kuishi mezani. Wote walinieleza vizuri. Hakuna aliyenifanya nisimame kwenye kiti kama Hilaria alivyonifanya, maana yeye alieleza akiwa amesimama kwenye cha kwake, akifunga waya darini.

Alizaliwa kijiji cha Daudi, juu kwenye baridi, lakini utoto wake ulianza kuchangamka baba yake aliporudi kutoka Hanang. Mzee Margwe alikuwa fundi wa mashine za kuvunia kwenye mashamba makubwa ya ngano ya serikali. Serikali ilipoanza kuachia mashamba na viwanda vyake, yeye naye akaachiwa, akapanda mlima na sanduku la spana. Majirani walimpa pole. Hilaria, aliyekuwa darasa la tatu, alishangilia, kwa sababu sanduku lile lilikuwa na kila kitu cha kufungulia kitu kingine. Wakawa wanafungua pamoja: mashine za kusaga, redio, baiskeli, saa ya padri. Baba yake aliweka sharti moja tu. Ukimaliza kurudisha, mkononi kusibaki skrubu.

Kisha zikaja simu za makampuni, na watu wakawa wanapanda ukingoni mwa mlima kutafuta mtandao kama wanaotafuta ndama aliyepotea. Mwaka 2002 Manyara ikakatwa kutoka Arusha. "Tulilala mkoa mmoja tukaamkia mwingine bila kuhamisha hata sufuria," Hilaria aliniambia akicheka. Yeye alihama kweli: alikwenda Arusha mjini kusomea kompyuta, akaajiriwa na kampuni ya watalii, akakutana na Alex, kijana wa Katesh mwenye ulimi mrefu na vidole vyepesi. Ofisini hapo ndipo waliposoma kwa mara ya kwanza kwamba huko duniani watu wameanza kutengeneza mifumo endeshi isiyokaa ndani ya kompyuta.

"Nilisimama," Hilaria alisema. "Nikamwambia Alex, hii ni yetu! Sisi ndio tusioweza kununua kompyuta zenye nguvu. Tukipata hata mizoga, tukaiwasha kwa akili iliyo mahali pengine, nani atatushika?"

Akaacha kazi. Akarudi kwao Mbulu na jaribio la kwanza la darasani, ambalo akili yake ilikodiwa Ujerumani. Siku ya jua lilikwenda kama maji. Siku ukungu ulipoteremka na mvua ikapiga mnara, darasa zima liliganda, na mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, wingu la kweli limelifukuza wingu lako." Darasa likacheka, Hilaria akacheka nao, kisha akaenda kwa baba yake, kule Daudi, akakaa siku mbili akikamua ng'ombe.

Huko zizini ndipo alipopata jibu. Mbulu, mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote kwenye boma lake. Wawili wako kwa shemeji bondeni, mmoja kwa rafiki wa upande wa pili wa mlima. Ugonjwa ukipita hapa, kule wamebaki. Anayewatunza anakamua na kupata samadi, lakini ng'ombe na ndama wake ni wa mwenyewe. Hilaria alikuwa amelijua jambo hili tangu anatambaa. Siku hiyo akaliona kama mchoro. Kwa nini akili ya kompyuta zake ikae Ujerumani kwa tajiri mmoja? Iwekwe Dongobesh, Daudi na Masieda, kwenye shule tatu, mashine moja imara kila shule, zikiongea kwa antena kutoka kilima hadi kilima. Kila faili lilazwe kwenye maboma mawili kati ya matatu. Boma moja likizimika, wanafunzi hawatajua.

Miaka mitatu walijenga, yeye Dongobesh, Alex akija mwisho wa juma kutoka Arusha. Walichukua mfumo huria ambao watu wa mataifa mengi wanaushona pamoja, wakaukata ukawatosha. Mfumo ukasimama. Kilichokosekana ni mashine za wanafunzi, na hapo ndipo mimi nilipofika, Machi ya 2014, na kukuta lori.

Lori lilikuwa limeegeshwa nyuma ya soko la Dongobesh, limejaa kompyuta kuukuu zilizotolewa na shirika moja la ng'ambo, zote zimeng'olewa diski. Agizo la dereva lilikuwa rahisi. Kamati ya wazazi ya zile shule tatu ikikubali leo, shusha. Ikikataa, endelea Singida. Dereva, Sebastiani, alikuwa ameshika usukani kabla hata chai haijapoa.

"Dada Hilaria, mimi nalipwa kufika, silipwi kusubiri," alisema kupitia dirishani. "Singida hawana maswali."

"Hawana na mfumo pia," Hilaria akamjibu. "Utawashushia masanduku wakalie?"

Hilo lilikuwa kweli, lakini lilimgusa yeye pia. Bila mashine hizi, kazi yake ya miaka mitatu ingebaki kompyuta tatu zinazosalimiana kilimani.

Neno la mwisho lilikuwa la mwenyekiti wa kamati, Mzee Tadei, mtu mrefu wa koti zito, mwenye shayiri nyingi na mifugo ambayo hakuna aliyejua idadi yake. Tuliingia darasani, tukamwamkia, shikamoo kwa zamu, naye akaitikia kila mmoja peke yake bila haraka. Hilaria akamketisha mbele ya mashine na kumwomba aseme neno lolote lirekodiwe.

Mzee Tadei akasafisha koo. "Bura," alisema kwa sauti ya mkutano, akimsemesha jirani yake ambaye hakuwepo, "mbuzi wako wakiingia tena kwenye shayiri yangu, nitawapeleka kwa mtendaji mkiwa mmefungwa, wewe na wao. Basi."

Watu wakaangua kicheko. Hilaria akabonyeza, sauti ikahifadhiwa. Akaeleza habari ya maboma matatu, na nikaona uso wa mzee unafunguka. Alipofika kwenye neno la ng'ombe wa kuweka kwa watu, mzee aliinama mbele.

"Kumbe! Basi mimi nimeweka ng'ombe."

"Umeweka, Mzee."

"Vizuri sana. Yuko kwa nani?"

Alex alirukia swali kabla Hilaria hajavuta pumzi. "Yuko popote, Mzee! Hiyo ndiyo raha ya wingu. Hata sisi hatuna haja ya kujua. Ukimwita, anakuja."

Mzee Tadei akaegemea kiti, akamtazama Alex.

"Kijana, wewe ni wa wapi?"

"Katesh, Mzee."

"Na Katesh, mtu akikuwekea ng'ombe, kisha mwenye ng'ombe akakuuliza yuko wapi, ukimjibu 'yuko popote', anakuitaje?"

Mama mmoja wa nyuma akasaidia. "Mwizi!"

"Sikusema mimi," alisema mzee. Akashika fimbo yake akasimama. Nje, Sebastiani akapiga honi, kama aliyekuwa akisikiliza dirishani.

Hapo nilimwona Hilaria akifanya jambo ambalo nimewaona mafundi wachache wakilifanya: akakubali. Hakubishana, wala hakumsukumia Alex lawama. Miaka mitatu alikuwa amejivunia kwamba mfumo wake unaficha mahali. Vitabu vyote vinafundisha hivyo, kwamba mtumiaji asisumbuliwe na faili liko wapi. Lakini alikuwa ameazima sheria moja ya ng'ombe, na mzee alikuwa na zile nyingine zote kichwani.

"Mzee, mfumo unajua yuko wapi," alisema. "Mimi ndiye niliyeufunga mdomo. Nipe nafasi niufungue."

Mzee akatazama nje. Mvua ilikuwa imeanza. "Mpaka mvua ikatike," alisema, akakaa.

Nani alisema kazi ya programu haitazamiki? Hilaria aliketi juu ya gunia la vitunguu, laptopu magotini, Alex akipiga magoti pembeni.

"Daftari la mahali liko kwenye kiini cha mfumo," Alex alinong'ona kwa kasi. "Usiliguse. Lisome tu, lionyeshe."

"Nalisoma. Wewe nichoree dirisha."

"Rangi gani?"

"Alex! Yoyote!"

"Popote, yoyote. Leo nimekoma," alisema Alex, na vidole vyake vikakimbia. Sebastiani aliingia akikung'uta maji, akasimama nyuma yao na kikombe chake, akitazama kama anayetazama mpira. Mvua ilipungua, kisha ikaongezeka tena, nasi tukaishangilia.

Dirisha likafunguka kwenye kioo kikubwa cha darasa. Vilima vitatu, majina matatu, na chini ya kila jina mafaili yaliyolala hapo. *Tadei, sauti: Daudi, Masieda.*

"Hee!" darasa zima.

Furaha ile haikudumu. Mzee Tadei aliruka, nasema aliruka, mtu wa umri ule, akavua koti lake zito akalitupa juu ya kioo.

"Umenianika!" alifoka. "Mbele za watu! Kila mtu ajue ng'ombe wangu wako kwa nani?"

Hilaria alijishika kichwa. Bila shaka! Huo ndio msingi wa desturi yenyewe. Mtu anaweka ng'ombe kwa watu ili hesabu yake ibaki kifuani. Jirani akiona ng'ombe kumi kwa rafiki yako, hajui wangapi ni wako. Mwenye ng'ombe na mtunzaji wanajua, basi.

"Koti libaki hapo hapo, Mzee," alisema, naye sasa anacheka kwa msisimko, machozi machoni. "Usilitoe! Alex, kila mtu aone wake tu. Kwa neno lake la siri."

"Na mtunzaji?"

"Mtunzaji aone kwamba amewekewa. Asione kilichomo."

Mvua ilikuwa imekatika zamani walipomaliza, lakini hakuna aliyeitaja. Mzee akaandika neno lake la siri huku akifunika kibodi kwa kiganja. Akainua pindo la koti, akaingiza kichwa chini yake kama mpiga picha wa zamani, akasoma. Akatoka.

"Sawa. Twende."

"Wapi, Mzee?" aliuliza Hilaria.

"Masieda. Nimeambiwa yuko huko. Mwenye ng'ombe ana haki ya kwenda kumwona, tena bila kubisha hodi mapema."

Sebastiani alipinga mpaka alipogundua kwamba wote tumeshapanda lori lake. Mzee Tadei alikaa mbele kwa heshima, sisi nyuma kati ya mashine zilizofungwa turubai. Barabara ya Masieda ilikuwa uji. Tuliteleza na kusukuma, Alex akapoteza kiatu asikipate, na Hilaria hakuacha kuongea. Kama ikifanya kazi Masieda, alisema, itafanya kazi Haydom. Ikifanya kazi Haydom itafanya kazi kwa wafugaji wa uwanda wa Hanang, wanaohama na ng'ombe wao: mtoto anaacha shule moja anaingia nyingine, anawasha mashine yoyote, na somo lake linamngoja pale pale alipoliachia. Unahama wewe, darasa lako linakufuata! Nikamuuliza kama haogopi.

"Naogopa," alisema. "Antena ya Masieda huwa inayumba kwenye upepo. Kama ilikuwa imeanguka asubuhi, hakuna kitu kule, na dirisha langu limesema uongo."

Mwalimu Irene wa Masieda, mwanamke mnene mchangamfu aliyekuwa akiitunza ile mashine ya kilimani kwake, alitoka akijifuta chaki mikononi. Hakuwa amepewa taarifa yoyote. Mzee alimzuia Hilaria asiisogelee mashine.

"Mwalimu peke yake. Mwalimu, kwanza ng'oa waya wa ile fimbo ya juu ya bati."

"Wa antena? Tutakatika na Dongobesh, Mzee."

"Ndivyo ninavyotaka. Nisije nikaletewa ng'ombe kupitia mlango wa nyuma."

Alex alinikonyeza, kwa heshima kubwa. Irene akachomoa waya. Taa moja ndogo ikazima. Mzee akaandika neno lake la siri, Irene akabonyeza, na Hilaria akauma shuka yake.

"*Bura,*" kikanguruma kipaza sauti, "*mbuzi wako wakiingia tena kwenye shayiri yangu…*"

Hilaria alipiga kelele. Hakuna neno jingine. Wanafunzi wakajazana dirishani, Alex akacheza kwa kiatu kimoja, na Mzee Tadei akasikiliza maneno yake mwenyewe mpaka "basi" ya mwisho, akitikisa kichwa kwamba hapo alisema vyema.

"Ni yeye," alisema. "Amenona."

Sebastiani tayari alikuwa anafungua turubai. Lakini Irene alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Samahani, Mzee wangu. Samahani, Hilaria. Mwenye ng'ombe amekuja, amemwona, amefurahi. Mimi ninayemtunza nakunywa nini?"

Hilaria akamgeukia.

"Mashine inakula umeme wa sola yangu," Irene aliendelea. "Naifuta vumbi, nalaza mafaili ya Daudi na Dongobesh nisiyoruhusiwa kuyachungulia. Sikatai. Lakini mtandao ukikatika, wanafunzi wangu wanakodolea kioo chake kitupu. Samadi nimeiona. Maziwa sijayaona."

"Mwalimu amesema," Mzee Tadei aliamua. "Bila maziwa hakuna kuweka ng'ombe. Hilaria?"

Wote tulimtazama. Sebastiani akaacha kamba mkononi. Hilaria alitembea hadi ubaoni, akarudi, akatembea tena.

"Alex. Masomo ya walimu, yale ya shule zote. Tuliyatenganisha na ya watu binafsi, sivyo?"

"Tuliyatenganisha, lakini yako Dongobesh na Daudi tu. Yanatoka huko kila anapoyaomba mtu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu…" Alex alifikiri. "Kwa sababu hatukufikiri."

"Yalazwe kote. Baolojia ya Daudi, hesabu ya Dongobesh, kila boma liwe nayo yote. Anayetunza anakamua hayo apendavyo, mtandao uwepo usiwepo. Ng'ombe abaki wa mwenyewe."

Waya ukarudishwa. Kwa nusu saa hakuna aliyekumbuka kula. Masomo yalishuka kutoka vilima viwili yakiingia Masieda, Alex akisoma majina yao kwa sauti kama mtangazaji, na kila jina likipigiwa makofi dirishani. Kisha Irene mwenyewe akauchomoa waya tena, kwa furaha ya mtu anayefunga mlango wa nyumba yake. Akawasha mashine moja tupu iliyotolewa kwenye lori. Ikauliza, ikajibiwa, ikaamka. Akafungua somo la moyo na mishipa lililoandikwa na mwalimu wa Daudi ambaye hajawahi kumwona. Michoro ikatokea yote.

"Haya ni maziwa," alisema Irene.

Mzee Tadei alitoka nje, akamnyooshea Sebastiani fimbo. "Shusha za hapa. Kisha turudi Dongobesh, kisha Daudi."

"Daudi? Usiku utaniingilia, Mzee! Na Singida?"

"Singida watatafuta mfumo kwanza," alisema mzee. "Wakikwama, waje kwa huyu binti. Wewe unaijua njia."

Wanafunzi wakapanga mstari kutoka lorini hadi darasani, mashine zikipita mikononi mwao moja baada ya nyingine, na kabla nyingine hazijafikia meza walikuwa wanaulizana nani atakaa kwenye ipi. Hilaria alikuwa ameshapanda juu ya bati na spana ya baba yake, akikaza antena iliyoyumba. Alex alisimama chini akishikilia ngazi na kumwuliza wataanza lini lile toleo la wafugaji wa Hanang.

"Shika ngazi," alimjibu. "Tutaongea njiani."